Kipanya cha Kulia

Fundi viatu aliijua miguu ya mtaa mzima. Alijua nani ana kidole gumba kilichopinda, nani huburuta kisigino, na nani husema anavaa namba saba ilhali mguu wake unalilia namba nane. Ukimpelekea kiatu kilichochakaa, hata kama hajawahi kukuona, angekigeuza, akapitisha kidole kwenye soli, kisha akakuambia unabeba mzigo bega gani na kama unatembea na haraka au unatembea na mawazo. "Uso huweza kudanganya," alipenda kusema, "lakini soli haijawahi kusomea uongo."

Kwa hiyo alijiona mtu mwenye macho. Na kila asubuhi, kabla hajashika kisu cha ngozi, alikaa kwenye kigoda chake, akafumba macho na kuomba maneno yaleyale manne: Mungu wangu, niongoze mkono. Hakuwahi kufikiri kwamba sala hiyo ingeweza kujibiwa kwa kuonyeshwa mkono wa mtu mwingine.

Alikuwa na binti mmoja, wa miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika duka la fotokopi. Mama wa binti alikuwa amefariki zamani, na dada yake fundi ndiye aliyehamia pale nyumbani kusaidia malezi; mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mzito, ambaye binti alimwita Shangazi na mtaa wote nao ukamwita Shangazi. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule, na nyuma yake kibanda cha kazi chenye harufu ya gundi na ngozi mbichi. Kati ya kigoda cha fundi na chumba cha bintiye palikuwa na ukuta mmoja tu. Lakini kwa miaka miwili ukuta huo ulikuwa mnene kuliko ukuta wa gereza.

Ulijengwa kwa kisu. Siku hiyo mwalimu wa kisomo cha jioni, ambaye ndiye aliyemfundisha fundi kusoma akiwa tayari na mvi, alikuja kumtembelea. Alibisha hodi mara tatu, akasimama juani. Binti alikuwa sebuleni, hatua nne kutoka mlangoni, amevaa hedifoni zake kubwa, macho kwenye skrini, anacheza gemu. Hakusikia. Fundi alipotoka kibandani akamkuta mgeni wake wa heshima anajipepea kwa daftari, aibu ilimpanda kichwani kama pombe. Kisu cha ngozi kilikuwa bado mkononi. Aliingia, akaushika waya wa kipanya cha kompyuta yake, akaukata mara moja, kama anavyokata uzi.

"Haya," akasema, "cheza na panya asiye na mkia!"

Mwalimu alimwambia pale pale, "Fundi, kusimama juani hakujaniua." Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Binti alivua hedifoni, akakitazama kile kipanya kilichokatwa, akasema, "Sawa, Baba." Hakulia. Tangu siku hiyo, maneno hayo mawili ndiyo yaliyobaki kati yao. Umekula? Sawa, Baba. Mvua inakuja, anua nguo. Sawa, Baba. Kompyuta ilihamia chumbani kwake, mlango ukafungwa, na kipanya akawa anatumia cha kuazima kutoka kwa mwenzake kazini.

Kupitia ukutani fundi alisikia mara moja moja sauti za wenzake wa mchezo, siku ambazo hakuvaa hedifoni. Walimwita jina la utani. Mashuti, Mashuti, nyuma yako! Fundi akatikisa kichwa. Mtoto wa kike, anaitwa Mashuti! Aliomba kwa ajili yake. Aliomba mlango ule ufunguliwe. Aliomba miaka yote miwili, mpaka siku moja Shangazi, aliyekuwa anachambua mchele karibu naye, akamkatiza.

"Kaka, Mungu kufungua mlango anaweza. Lakini kugonga, atagonga nani?"

Fundi aliinamia kazi yake. Akaendelea kupiga msasa kisigino ambacho kilikuwa tayari laini.

"Jumamosi hii ana majaribio," Shangazi akaendelea, kana kwamba anauambia mchele. "Kuna timu inatafuta mchezaji wa tano. Wanakutana kwenye ule ukumbi wa kompyuta karibu na posta. Kila mtu aje na vifaa vyake: kibodi yake, hedifoni zake, kipanya chake. Mwanao kibodi anayo, hedifoni anazo. Kipanya ni kile cha kuazima, kinakwamakwama kama punda kwenye tope. Mimi nimesema tu. Mimi mchele unanisubiri."

Fundi aliweka msasa chini. Alikata waya mwenyewe. Basi waya ule ungerudi kwa mkono wake mwenyewe. Na hakutaka kununua ovyo. Mtu hanunuliwi kiatu bila kupimwa mguu.

Asubuhi ya Jumatano, binti alipopita kibandani kuaga, alimkuta baba yake amekwisha tandaza karatasi ya kaki juu ya meza na kuchonga penseli.

"Lete mkono," akasema fundi.

Binti alisita. Akaufuta mkono kwenye sketi, akautoa, akaulaza juu ya karatasi. Fundi aliuzungushia penseli polepole, kidole kwa kidole, kama anavyochora nyayo za wateja. Akapima urefu toka kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati, akaandika. Mkono ulikuwa na joto. Hakukumbuka mara ya mwisho kuushika.

"Wa nini, Baba?"

"Kazi."

"Unanishonea viatu vya mikono?"

Fundi aliinua macho. Ulikuwa utani, wa kwanza baada ya miaka miwili, mdogo kama punje ya mtama. "Ndiyo," akajibu haraka kabla haujapotea. "Utembee kichwa chini. Labda hivyo utasikia watu wakibisha hodi."

Mara akajuta, akadhani ameharibu. Lakini binti aliuma mdomo kama mtu anayezuia kicheko, akachukua mkoba wake, akaenda kazini. Fundi alikunja ile karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mikeka. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aliyeitwa Mama Betri, kwa sababu yeye alimwuliza kwanza kila mtu aliyemletea kitu kibovu, "Betri umeangalia?" Ukutani vipanya vilining'inia kwa makumi, vyeusi, vyeupe, vingine vinawaka taa kama macho ya paka.

"Nataka kipanya," akasema fundi. "Cha gemu. Nataka cha kulia kabisa." Kwake kila kitu kilikuwa na kulia na kushoto, kama viatu, na hakutaka kuuziwa kitu cha upande usiojulikana.

"Kipanya cha kulia?" Mama Betri akashika kiuno. "Mzee wangu, hapa hatuuzi chakula cha paka."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua waya wakacheka. Fundi naye akacheka, akatoa karatasi yake, akaikunjua juu ya kaunta.

"Mkono wenyewe huu hapa."

Mama Betri aliitazama karatasi, kisha akamtazama fundi, na utani ukamtoka usoni. "Nina miaka tisa katika duka hili," akasema. "Watu huniletea picha ya kipanya walichokiona kwa jirani. Mkono haujawahi kuletwa. Keti."

Akamfundisha. Kwamba kipanya cha gemu si taa. Taa ni mapambo, kama vifungo vya shaba kwenye kiatu; havisaidii kutembea. La kwanza ni ukubwa: kikiwa kikubwa mkono unachoka, kikiwa kidogo vidole vinajikunja. La pili ni uzito, maana mchezaji hukisukuma mara elfu kwa saa moja, na kilicho kizito kinamla kifundo cha mkono. La tatu, waya au bila waya. Fundi akasema waya, tena mrefu, na Mama Betri hakujua kwa nini aliitikia kwa uchungu vile.

"Na anakishikaje?"

"Anakishikaje vipi? Si anakishika tu?"

"Hapana, Mzee. Kuna wanaolaza kiganja chote, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Kuna wanaokunja vidole, kama kucha za kunguru. Na kuna wanaogusa kwa ncha za vidole tu, kama wanaogopa kitawaunguza. Kila mmoja na kipanya chake. Yeye yupo wapi?"

 Fundi aliwafikiria wateja wake, mmoja mmoja. Wote angeweza kuwaelezea hadi kucha. Akamtafuta bintiye akiwa anacheza, na akaona mgongo tu. Mgongo na mlango.

"Anakishika vizuri," akasema hatimaye.

Mama Betri hakumcheka. "Ungemtazama kwanza, halafu ukarudi. Mimi nipo."

"Majaribio ni Jumamosi."

"Haya. Basi tufuate karatasi." Akavipima vipanya juu ya ule mchoro, kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kikakaa sawasawa. Kilikuwa cheusi, chepesi, kimebonyea ubavuni mahali pa kidole gumba na kuinuka mgongoni kufuata kiganja, kama kiatu kilichoshonwa kwa kipimo. "Hiki kimeumbwa kwa mkono wa kulia tu. Anatumia wa kulia?"

"Sasa atumie upi?" akasema fundi, na wote wakacheka tena.

Jioni ile alimkabidhi bintiye mbele ya Shangazi. Binti alikipokea kwa mikono miwili, akafungua boksi, akakitoa. Akakitazama kile kipanya kwa muda mrefu. Akakigeuza. Akapitisha kidole kwenye lile bonde la ubavuni.

"Ni kizuri sana, Baba."

"Cha kulia kabisa!" akasema fundi, kifua mbele.

"Naona," akasema binti. "Asante." Na mtu mwenye macho angeona kwamba aliimeza pumzi kabla ya neno hilo. Fundi aliona tu kwamba hakusema sawa, Baba. Na usiku ule mlango wa chumba ulibaki wazi kiasi cha kiganja. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda chake akamshukuru Mungu mpaka magoti yakauma.

Alhamisi baada ya kazi binti alikaa kufanya mazoezi na wenzake. Fundi alikuwa kibandani, sikio moja kwenye kazi na jingine ukutani. Alitarajia kusikia shangwe. Alichosikia kilikuwa neno moja, kila baada ya dakika mbili tatu.

"Samahani. Samahani jamani. Samahani, ni mimi."

Shangazi alipita na ndoo. "Tangu ameanza anaomba samahani. Hata kwenye msiba watu hawapeani pole namna hiyo."

"Kipanya ni kipya," akasema fundi. "Kiatu kipya lazima kibane kidogo. Atakizoea."

"Kikibana siku ya mbio je?" akauliza Shangazi, akaenda na ndoo yake.

Ijumaa binti alikwenda kazini kama kawaida. Shangazi alimwambia fundi kwamba kiti cha chumbani kwa binti kimelegea mguu, na kama anampenda mtoto basi akitie gundi kabla hajaanguka nacho. Fundi alichukua gundi na kibano, akausukuma mlango ule uliokuwa wazi kiasi cha kiganja.

Alikitengeneza kiti. Kisha, akisubiri gundi ishike, akaitazama meza. Kipanya kipya kilikuwa upande wa kulia wa kibodi, juu ya kimkeka chake, kisafi, kama kiatu cha harusi kinachovaliwa kwa lazima. Upande wa kushoto palikuwa na kile cha kuazima, kimeviringishwa nusu kwenye gazeti tayari kurudishwa kwa mwenyewe. Fundi alikichukua. Hakuwa na nia yoyote. Ni mazoea ya mikono tu. Alikigeuza kama anavyogeuza kiatu chakavu na kupitisha kidole.

Kilikuwa kipanya cha kawaida, sawa pande zote mbili. Lakini ubavu mmoja ulikuwa umelika. Rangi ilikuwa imetoka na kuacha doa la mviringo, laini na jeupe, mahali kidole gumba kilipokaa na kusugua miezi na miezi. Fundi akakiweka chini ya mkono wake wa kulia ili aone. Kidole gumba chake kikaangukia ubavu wa kushoto. Pale palikuwa na rangi yake yote.

Doa lilikuwa ubavu wa kulia.

Akakijaribu tena. Akakigeuza nyuma mbele, kama mtu aliyesoma neno vibaya. Kisha, polepole, akaweka juu yake mkono wake wa kushoto. Kidole gumba kikalala ndani ya lile doa kama mguu ulioingia kiatu chake.

Akainama kwenye kibodi. Herufi za upande wa kushoto zilisomeka vizuri. Za upande wa kulia, nne pamoja, zilikuwa zimefutika kabisa. Hapo ndipo vidole vya mkono wa kulia wa bintiye vilipokaa akicheza. Na ukutani, juu ya skrini, palibandikwa karatasi yenye majina ya utani ya wachezaji. Fundi aliisoma kwa namna alivyofundishwa, silabi kwa silabi. La mwisho lilikuwa la bintiye. Ma-sho-to.

Si Mashuti. Mashoto.

Fundi aliketi kwenye kiti. Gundi haikuwa imekauka, hakujali.

Alikumbuka kitambaa. Kilikuwa cha bluu, kipande cha bitana ya mkoba. Binti alikuwa na miaka minne, na kila kitu alikishika kwa kushoto: kijiko, kalamu, mkono wa mtu. Watu walimwambia fundi, samaki mkunje angali mbichi. Akamkunja. Wakati wa kula na wakati wa kuandika aliufunga mkono ule wa kushoto kiunoni kwa kitambaa, akamwambia, tumia wa kulia, mwanangu, huo ndio mkono wa heshima, huo ndio wa kumpa mtu mkubwa. Ilichukua miezi. Kisha mtoto akaanza kutoa wa kulia bila kuambiwa, na fundi akamshukuru Mungu, akakikata kitambaa kile kuwa matambara ya kufutia rangi ya viatu. Na Jumatano, alipomwambia lete mkono, binti alimpa ule ambao baba alikuwa amemfundisha kumpa. Angempaje mwingine?

Akatoka mpaka jikoni.

"Ulijua?" akamwuliza dada yake.

"Nilijua nini?"

"Kwamba anachezea kushoto."

"Kaka, mtaa mzima unajua. Anafagia kwa kushoto. Anapiga mswaki kwa kushoto. Mbele yako tu ndiyo anabadilika, kama askari anayemwona mkubwa wake."

"Kwa nini hukuniambia?"

Shangazi alifuta mikono kwenye kanga yake, na safari hii sauti yake haikuwa na kejeli. "Aliniapisha. Jana nilimwambia, mwambie baba yako akakibadilishe. Akasema, Shangazi, baba amenipimia mkono. Heri nishindwe majaribio kuliko kumwambia kwamba amekosea."

Binti aliporudi saa kumi, alimkuta baba yake kibandani. Karatasi mpya ya kaki ilikuwa mezani na penseli imechongwa.

"Lete mkono."

Alicheka kidogo. "Si ulishapima, Baba?" Akautoa wa kulia.

"Mwingine."

Kicheko kikamwisha. Aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba umefanya kosa mahali. "Baba, huo..."

"Lete, mwanangu."

Aliuleta polepole, kiganja kikitazama chini. Fundi hakuuzungushia penseli mara moja. Aliushika tu, kwa mikono yake yote miwili yenye sugu na madoa ya rangi.

"Ningekuambia," akasema binti kwa sauti ndogo. "Lakini ulikuja na zawadi. Miaka miwili, halafu unakuja na zawadi. Ningekujibu nini, umekosea upande?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Nilidhani nitaweza. Kwa siku tatu. Si uliniambia wa kulia ndio wenye heshima?" Akavuta pumzi. "Unajua nilipokuwa mdogo, nilidhani unaitwa mkono wa kulia kwa sababu kila huu ukifungwa, mimi nalia. Nilikuwa najiuliza, na watu wengine nao, wanalia lini?"

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa sala, na kuomba msamaha kwa Mungu alikuzoea; alikufanya kila jioni bila shida. Kumwomba mtoto wake mwenyewe hakuwahi kufundishwa, na hakuna kisomo cha jioni kinachokufundisha hilo.

"Nilitaka dunia isikucheke," akasema. "Nikaanza mimi kukuumiza kabla yao. Na ule waya. Nisamehe, mwanangu. Mkono na waya, vyote viwili."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Binti hakusema sawa, Baba.

"Waya nilishasamehe zamani," akasema. "Mkono, chora kwanza."

Walifika dukani Mama Betri akiwa anateremsha pazia la chuma. Alimwona fundi, akaona boksi, akakunja uso. "Betri umeangalia? Hakina betri hicho!"

"Kipanya hakina kosa," akasema fundi. "Kosa ni la mpimaji. Mteja wako ni mashoto."

Mama Betri alimtazama binti, akalipandisha lile pazia tena. Aliwaambia ukweli: vipanya vilivyoumbwa kwa mkono wa kushoto ni adimu, yeye hana hata kimoja, na akiagiza kitakuja majaribio yamekwisha sahaulika. Lakini alikuwa na visivyo na upande, vilivyo sawa kulia na kushoto. Akaweka vitatu juu ya kaunta na kuwasha kompyuta yake.

"Jaribu, dada. Na wewe Mzee, safari hii simama hapo umtazame."

Fundi alisimama akatazama. Binti alikishika cha kwanza, akakiacha. Cha pili akakizungusha, mshale ukaruka kwenye skrini, akakiacha. Cha tatu alipokishika, mabega yake yalishuka. Alikigusa kwa ncha za vidole, kiganja hewani, kwa wepesi ambao fundi alikuwa ameuona mahali pamoja tu: kwenye mikono yake mwenyewe anapopitisha sindano kwenye ngozi laini.

"Ncha za vidole," akanong'ona.

"Umeona sasa?" akasema Mama Betri.

"Tatizo, ubavu wake unateleza," akasema binti. "Kidole gumba hakina pa kushika."

"Hilo," akasema fundi, "ni kazi ya fundi viatu."

Jua lilikuwa bado halijazama alipoketi kibandani. Alichagua kipande cha ngozi ya ndani ya kiatu, ile inayokaa karibu na ngozi ya mtu, akakikwangua mpaka kikawa chembamba kama jani. Safari hii aliomba kwa maneno matano: Mungu wangu, niongoze mkono wake. Akakibandika ubavu wa kulia wa kipanya, akakibana, akamwita binti akijaribu, akakipunguza ukingo, akamwita tena. Mara ya tatu binti hakukirudisha. Alikaa nacho tu pale pale juu ya pipa la gundi, akikisogeza huku na huku, na fundi akaendelea na viatu vya watu, na hakuna aliyefunga mlango wowote.

Asubuhi ya Jumamosi ukumbi ulijaa vijana na sauti za vitufe. Fundi na Shangazi walikaa nyuma, kwenye viti vya plastiki. Mchezo wenyewe fundi hakuuelewa. Vijitu vya chuma vilikimbia, vikaanguka, vikafufuka, jambo ambalo alitaka kulitolea maoni ya dini lakini Shangazi akambana kiwiko. Basi akaacha skrini, akatazama mkono. Aliutazama mkono wa kushoto wa bintiye kwa saa nzima, ukienda na kurudi juu ya kimkeka, huru, bila kumwogopa mtu. Sauti zilipopazwa, Mashoto! Mashoto!, alisikia vizuri kabisa.

Mwishoni nahodha alisimama akataja majina. Nafasi ya tano ilichukuliwa na mwingine, kijana aliyekuja na kibodi inayowaka rangi saba. Mashoto alichukuliwa kuwa mchezaji wa akiba, aje kila Jumamosi kwenye mazoezi.

"Siku tatu za kutumia mkono usio wako," akasema Shangazi kwa hasira, "zimemlia nafasi yake!"

Fundi alijua hivyo, na jambo hilo lilimchoma. Lakini binti alikuwa anakuja kwao kati ya viti, uso unang'aa, kipanya mkononi na waya wake umemzunguka kifundo.

"Akiba, Baba! Wamenichukua!" Akanyoosha mkono ili baba aushike. Akagundua ni upi, akataka kuurudisha.

Fundi aliudaka kabla haujafika.

 Akageuza uso pembeni, akajifuta macho kwa mkono uliobaki, wa kulia.

"Baba," akasema binti, akimchungulia. "Unalia?"

"Niache," akasema fundi viatu. "Si ndio kazi ya mkono wa kulia?"